Pafu lilisinyaa, sasa kipimo cha kupuliza kinaninyima kazi

Shikamoo dokta, pole na majukumu. Naomba unisaidie maana hapa nilipo sijui nishike lipi niache lipi.

Mimi ni kijana wa miaka 25, niko Kahama, ni mrefu sentimita 178 na mwembamba tangu utoto. Kama miezi miwili iliyopita nilikuwa nimekaa zangu asubuhi nakunywa chai, sijabeba kitu wala sijakimbia, ghafla nikasikia kama kisu kimeingia kifuani upande wa kulia alafu pumzi ikawa haifiki chini, naivuta inaishia katikati. Nikajua ni gesi, nikanywa tangawizi, nikavumilia siku mbili nzima. Siku ya tatu kupanda ngazi tatu tu za mlangoni nikawa nahema kama nimetoka mbio ndo wakanipeleka hospitali. Picha ikaonyesha pafu la kulia limesinyaa, wakasema hewa imetoka kwenye pafu imejaa kifuani. Wakanitoboa ubavuni wakaweka mpira unaoenda kwenye chupa yenye maji chini ya kitanda, nikalala nao siku 6. Yale maji kwenye mpira nilikuwa nayaangalia usiku kucha, nikivuta pumzi yanapanda, nikitoa yanashuka, na nikikohoa chupa inatoa mapovu. Mapovu yalivyokata wakapiga picha nyingine wakasema pafu limerudi, wakachomoa mpira nikaruhusiwa.

Sasa ishu yenyewe. Kuna kampuni ya mgodi nilikuwa nimepata nafasi ya kuchoronga chini, mkataba wa miaka miwili, wiki iliyopita nikaenda kupima afya, ni wiki ya saba tangu nitolewe mpira. Kwenye fomu kuna swali limeuliza kama umewahi kuugua kifua, mi nikaweka tiki kwenye HAPANA maana niliogopa. Alafu nikapelekwa kwenye kile kimashine cha kupuliza, wanakubana pua, unaweka bomba la karatasi mdomoni unavuta pumzi yote alafu unapuliza kwa nguvu. Dokta pale kovu lilipo panauma bado, nikivuta sana panachoma. Nimepuliza mara tatu, ya kwanza FVC 3.2, ya pili 2.8, ya tatu 2.5. FEV1 ya juu ni 2.75. Karatasi inasema FVC natakiwa lita 4.6 kwa hiyo niko asilimia 70, na kuna sehemu imeandikwa FET 2.3. Oksijeni ya kwenye kidole ilikuwa 97 nesi akasema iko vizuri. Ila daktari wa pale kaandika mapafu yana ujazo mdogo, siwezi kuvaa ile barakoa ya vumbi kwa hiyo sifai kazi ya chini mpaka nipimwe tena.

Maswali yangu: je, pafu langu limeharibika moja kwa moja? Hizo namba zimeshuka kwa sababu ya lile tatizo au nina ugonjwa mwingine? Kuna mshkaji wangu mpiga tarumbeta bendi ya kanisani kanambia anaweza kwenda kunipulizia, eti hawakaguagi sura. Na kingine, nikipata kazi watanisafirisha kwa ndege kwenda Dar kwenye mafunzo, naweza kupanda? Na sigara navuta kama 8 kwa siku, nakiri. Kabla ya hapo nilifanya kazi kwenye karasha la kusaga mawe miaka miwili na nusu.

Ni mimi, Kijana wa Kahama

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Hizo siku mbili za tangawizi zimenitisha kuliko namba zako zote, nitazirudia huko chini. Na ahsante kwa kuandika namba zote, wengi wananiandikia tu "nimefeli kipimo" na hapo mtu huna pa kuanzia.

Nianze na unachokiogopa zaidi. Kwa hiyo karatasi uliyonisomea hakuna mtu anayeweza kusema pafu lako limeharibika, wala hakuna anayeweza kusema ni zima. Hicho kipimo hakijakamilika. Ngoja nikueleze kwa nini.

Pafu halijafungwa na kamba kwenye mbavu. Lina ngozi yake nyembamba, na ukuta wa kifua nao una ngozi yake kwa ndani, kati ya hizo mbili kuna umajimaji kidogo sana basi. Umeshawahi kuosha sahani za plastiki ukazipandanisha zikiwa zimelowa alafu ukashindwa kuzitoa? Zimenatana kwa yale maji tu. Pafu linashikamana na kifua namna hiyo hiyo, mbavu zikitanuka nalo linafuata. Sasa kwa vijana warefu wembamba kama wewe, mara nyingi kule juu kabisa ya pafu kunakuwa na vijilengelenge, kimoja kikipasuka hewa inapenya katikati ya zile ngozi mbili, sahani zinaachana, pafu linajikunja lenyewe maana asili yake ni kujivuta ndani. Ndo maana ilikukuta umekaa na kikombe cha chai. Haihitaji ubebe gunia.

Sasa ukipuliza kwenye spairometa, yaani kile kimashine chako cha kupuliza, pafu likiwa limejikunja, namba zinashuka kwa sababu rahisi tu, hewa iliyomo ni kidogo, huwezi kutoa ambayo hukuivuta. FVC ni hewa yote uliyoitoa kuanzia umejaza mpaka umeisha, FEV1 ni ile iliyotoka sekunde ya kwanza. Pafu likisinyaa zote mbili zinashuka pamoja, lakini ukigawanya ya pili kwa ya kwanza jibu linabaki zuri, maana mirija haijaziba. Wewe 2.75 gawa kwa 3.2 ni kama asilimia 86. Mtu wa pumu au aliyeharibiwa mirija na sigara hiyo hesabu ndo inayoanguka, mara nyingi chini ya 70. Kwa hiyo daktari wa pale alivyoandika ujazo ni mdogo hajakosea kusoma, karatasi inasema hivyo kweli. Tatizo ni je, karatasi yenyewe inaaminika?

Mimi naona haiaminiki, na ushahidi umeuleta mwenyewe. Tazama 3.2, 2.8, 2.5. Unashuka kila ukipuliza. Kipimo kinachokubalika zile mbili za juu zinatakiwa zikaribiane, tofauti isizidi mililita 150, na yako ni mililita 400! Pafu lenye tatizo la kudumu linakupa namba mbovu ileile kila saa, haliongezi ubovu ndani ya dakika tano. Anayeshuka hivyo mara nyingi ni mtu anayeumia, kila akivuta panamchoma basi mara inayofuata anajihurumia anavuta nusu. Alafu hiyo FET 2.3 ndo sekunde ulizopuliza. Ulikata mapema. Inatakiwa upulize mpaka mstari kwenye mashine ulale kabisa hewa imeisha, tulizoea kuwaambia watu sekunde 6, kijana anaweza kumaliza kabla ya hapo kidogo lakini 2.3 kwa mtu mwenye kovu linalouma mimi siipokei. Na ukikata mapema kuna ujanja mbaya unatokea hapo, FVC inaonekana ndogo kuliko ilivyo, na ile asilimia 86 inaonekana nzuri kuliko ilivyo. Kwa hiyo hata lile zuri nililokwambia kuhusu mirija yako liweke kiporo kwanza.

Kovu la mpira linachukua muda mwanangu. Mpira unapita katikati ya mbavu penye mishipa ya fahamu, wengine panawauma miezi mitatu. Na ndani zile ngozi mbili zikikaa zinasuguana na hewa au damu kidogo zinaweza kunenepa pale, zikawa zinakaza pafu lisitanuke vizuri. Kwa wengi walio na hali kama yako, pafu lililosinyaa bila ugonjwa mwingine nyuma yake, pumzi inarudi karibu na ilivyokuwa ndani ya wiki kadhaa mpaka miezi.

Kingine uliza mashine imewekewa vigezo vipi. Ile 4.6 haikutoka hewani, mashine inahesabu kwa umri, urefu, jinsia, na mashine nyingine bado zinauliza asili ya mtu. Kwa vigezo vya zamani kijana wa urefu wako akiwekwa kama Mzungu angetakiwa zaidi ya lita 5, na hiyo 3.2 yako ingesomeka kama asilimia 60. Toka 2022 kuna vigezo vipya ambavyo haviulizi asili kabisa. Ukirudia kwenye mashine tofauti ikakupa asilimia tofauti usishtuke, linganisha lita kwa lita. Na wakupime urefu pale pale bila viatu, wasichukue wa kukutajia mdomoni.

Oksijeni 97 nayo isikupumbaze. Namshukuru nesi kukutuliza moyo lakini kile cha kidoleni kinasema damu imebeba oksijeni kiasi gani, hakisemi pafu limejaa kiasi gani. Mwili una akili, sehemu ya pafu iliyojikunja unaipunguzia damu, unapeleka kule kunakofanya kazi. Nimeona vijana wana 96 na pafu moja limelala nusu.

Sasa la hatari ambalo hukuuliza. Ulipuliza kwa nguvu zote wiki ya saba bila mtu kupiga picha ya kifua kwanza. Hawakujua, maana uliweka tiki HAPANA. Ule mpulizo unapandisha presha kifuani, na pafu likiwa bado lina hewa pembeni yake hicho kipimo huwa hatukifanyi, tunasubiri picha iwe safi na wiki zipite. Hewa iliyobaki inanyonywa na mwili taratibu sana, kama asilimia 2 ya upande ule kwa siku, kwa hiyo kama ilibaki kidogo ulipochomolewa mpira, hesabu zinasema ingeshaisha. Lakini inaweza pia kuwa imerudi kimya kimya bila wewe kujua. Kati ya watu kumi waliopatwa mara ya kwanza, karibu watatu inawarudia, na wengi ni ndani ya mwaka wa kwanza. Kwa hiyo kabla hujagusa tena ile mashine nenda ukapige picha ya kifua, umesimama, umevuta pumzi. Picha ikiwa na hewa basi tumeshajua 3.2 imetoka wapi na hakuna kupuliza. Ikiwa safi, rudia kipimo kovu likishatulia, mi ningekupa wiki nne mpaka sita nyingine. Muulize daktari kama unaweza kumeza dawa ya maumivu saa moja kabla, wengi wanaruhusu na inasaidia sana kwenye kuvuta. Unaumia kwenye kuvuta mwanangu, siyo kwenye kupuliza, na kipimo kizima kinategemea kile kidogo cha mwisho unachovuta.

Usiliachie lile pafu lililosinyaa libebe lawama zote lakini. Hapa nakuomba tulia unisome vizuri. Umekaa kwenye karasha miaka miwili na nusu. Mawe yakisagwa lile vumbi jeupe lina silika, na silika ikiingia ndani kabisa haitoki, inaacha makovu yanayopunguza ujazo wa mapafu, namba zake kwenye karatasi zinafanana na hizo hizo zako. Na silika ndiyo rafiki mkubwa wa TB, mtu aliyekula vumbi hilo anaipata kirahisi kuliko mwenzake. Na vyote viwili, TB na ugonjwa wa vumbi, vinaweza kutoboa pafu. Kwa hiyo swali lako kwamba ni lile tatizo au ni ugonjwa mwingine ni swali sahihi kabisa, na jibu lake halimo kwenye spairometa. Spairometa inakwambia hewa imepungua, haikwambii kwa nini, hata hewa inayobaki ndani ukishamaliza kupuliza haiwezi kuipima. Kwa hiyo siku ya picha mwambie daktari habari ya karasha kwa mdomo wako, aangalie pande zote mbili siyo kulia tu, na uombe kupima makohozi ya TB kwa mashine ya GeneXpert, kwenye vituo vya serikali huo upimaji ni bure na dawa ni bure. Kama una kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku, au unazidi kukonda, usisubiri hata hizo wiki nne.

Tuje kwa rafiki yako wa tarumbeta. Hapana. Na sikukatalii kwa sababu ya kukamatwa tu. Fikiria amepuliza lita 5 safi, zimeandikwa kwa jina lako, umeingia chini kuchoronga. Baada ya miaka minne umeanza kuishiwa pumzi kweli, unapimwa unakutwa na 3.2. Nani atajua nini kilitoka wapi? Kile kipimo cha kuanzia kazi ndiyo alama yako ya mwanzo, ndiyo mtu anayokuja kulinganisha nayo. Tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na magonjwa yanayotokana na kazi yanalipwa, lakini mtu anatakiwa aonyeshe alivyoingia na alivyotoka. Mkiweka pumzi ya mtu mwingine pale mwanzo umeharibu ushahidi wako mwenyewe. Alafu wewe utakuwa chini huko, barakoa imekubana usoni, kilomita ngapi na lifti, pafu linasinyaa tena, na waliokuzunguka hawajui kwamba imeshakutokea. Nikifikiria hilo silali.

Rudi kwa yule daktari wa kampuni. Najua ni ngumu. Mwambie hivi hivi, "Dokta kwenye fomu niliogopa, nilishawahi kusinyaa pafu la kulia, nilikaa na mpira siku 6, hii hapa karatasi ya kuruhusiwa na hizi hapa picha." Mimi nimekaa na madaktari wa kazini, kinachowasumbua zaidi ni namba mbovu isiyokuwa na maelezo. Umempa maelezo umempa pa kushikia. Na soma tena alivyoandika, kaandika mpaka nipimwe tena, hajaandika kamwe. Siwezi kukuahidi kazi ya chini utaipata, kuchoronga na hilo pafu mimi mwenyewe ningesita hata namba zikipanda, ungeulizia kazi ya juu, stoo, uendeshaji, fundi. Lakini hilo mtaongea mkiwa na karatasi safi mkononi.

Sigara. Nane kwa siku kwako wewe siyo nane za mtu mwingine. Mwanaume anayevuta uwezekano wa pafu kusinyaa unapanda zaidi ya mara ishirini kuliko asiyevuta, na ukiendelea kuvuta uwezekano wa kurudia nao unaongezeka, bangi nayo iko humo kama ipo, sijakuuliza. Ukiniambia uchague kitu kimoja tu kwenye barua yangu yote ukifanye kesho asubuhi, baada ya picha ni hicho.

Ndege unaweza kupanda picha ikishaonyesha pafu limerudi lote na siku 7 zimepita tangu hiyo picha. Bila picha usipande, juu kule hewa iliyobaki kifuani inatanuka. Kuzamia baharini na mitungi ndo usahau, hilo hata picha nzuri haliruhusu.

Na zile siku mbili nilisema nitazirudia. Ikitokea tena, kisu upande mmoja, pumzi inaishia katikati, unaenda hospitali saa hiyo hiyo hata iwe usiku wa manane, maana kuna wakati ule upenyo unageuka kuwa kama vali, hewa inaingia haitoki, inasukuma mpaka moyo, na hapo tunahesabu dakika. Waambie na nyumbani. Midomo ikibadilika rangi au ukishindwa kumalizia sentensi, wasikuchemshie chochote.

Siku ya kurudia kipimo usivute sigara tangu asubuhi, usile ukashiba, vaa nguo isiyobana kifua, kaa wima miguu chini. Mwambie nesi mapema kwamba upande wa kulia una kovu ili akupumzishe kati ya mpulizo na mpulizo, una haki ya kupuliza hata mara nane kutafuta tatu nzuri. Alafu piga picha karatasi zote mbili, ile ya mwanzo na hiyo mpya, pamoja na ile michoro ya mistari siyo namba tu, unitumie nizisome pamoja.